Matajiri wetu nao wafadhili utafiti

Mhariri, watu wanalalamika sana kuhusu pesa za wafadhili wa nje kwenye utafiti wetu, sawa, lakini hebu angalia pale Kilifi, pwani ya Kenya, tangu 1989 KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Chuo Kikuu cha Oxford wanachunguza malaria na pesa nyingi zinatoka Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, yaani mali aliyoiacha tajiri wa kampuni ya dawa Henry Wellcome alipofariki 1936. Miaka ya tisini walipima neti zenye dawa wakakuta watoto wanaolazwa na malaria kali wamepungua, na leo serikali inazigawa bure mpaka vijijini. Sasa matajiri wetu wako wapi jamani? Harusi tunachangia mamilioni. Basi hata wamlipie mtafiti mmoja tu kijana kwenye vyuo vyetu vya umma, ili maswali yetu ya utafiti tuyaulize wenyewe.