Hitisinki yenye mikwaruzo: ipime kwanza

Salim ndugu yangu,

Salamu sana, na wa nyumbani wote wasalimie. Picha za hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa (chipu kuu ya kompyuta), nimezipata. Umeuliza uitie msasa kabla ya kuifunga, au uiache. Kwa mikwaruzo ninayoiona, iache. Ila ipime, maana mkwaruzo na mbonyeo ni vitu viwili, na wa kuogopa ni mbonyeo.

Mkwaruzo ni mfereji. Ukibaki mtupu una hewa, na hewa hupitisha joto kidogo sana. Ukijaa pesti, ule ujiuji wa kupitishia joto unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki, habari inakuwa nyingine. Tupige hesabu. Prosesa yako ni ya wati 65, kifuniko chake tuseme sentimita 3 kwa 3. Mwanya wa hewa wa milimita 0.1 ukitanda eneo hilo lote, joto la wati hizo halivuki lote mpaka pawe na tofauti ya zaidi ya digrii 250 kati ya pande mbili. Mwanya huohuo ukijaa pesti ya kawaida, tofauti ni kama digrii moja na nusu. Na mikwaruzo yako haijatanda popote, ni mistari michache tu. Joto linaizunguka na kupita kwenye shaba. Kung'aa hakuna kazi hapa. Hata ile dawa ya kung'arishia shaba usiipake, huacha utando.

Kinachosumbua ni tuta. Kitu kikali kikikwaruza shaba huisukuma kando, ikainuka ukingoni mwa mkwaruzo, na tuta hilo huinua hitisinki nzima. Pitisha ukucha kukata mkwaruzo: ukizama, sawa, ukijikwaa kabla ya kuzama, tuta lipo. Zungushia msasa namba 1000 kwenye kibao bapa, uloweshe, upitishe mara chache kwa mkono mwepesi. Usiufukuze mkwaruzo wenyewe mpaka uishe, utachimba bonde.

Sasa simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya kitako, yaani ule uso wa hitisinki unaogusa prosesa, uitazame kuelekea kwenye mwanga: urefu, upana, kona kwa kona. Mwanga ukipenya kidogo pembeni, tulia. Watengenezaji wengine huacha katikati pametuna makusudi, ili mgandamizo uwe mkubwa pale chipu ilipo. Ukipenya katikati, kitako kimebonyea, na hapo tu ndipo kusugua kitako kizima kwa msasa kuna haki yake.

Toa feni. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene, maji na tone la sabuni ya vyombo. Chora kitakoni miraba kwa maka peni, kisha vuta hitisinki kwa uzito wake yenyewe, ukiigeuza robo kila mikupuo 20. Kidole kikikandamiza upande mmoja, unatengeneza mteremko. Wino wote ukifutika, nenda 600, halafu 1000, uishie hapo. Nikeli, ule utando wa rangi ya fedha juu ya shaba, ikitoka na shaba ikaonekana, shaba itafifia rangi tu. Fanya kazi hii mbali na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwani unga wa metali unapitisha umeme. Osha, kausha kabisa, futa kwa spiriti.

Lakini kama mabomba ya kupitishia joto yanaonekana kitakoni, msasa usiguse kabisa. Kuta zake ni nyembamba, na ndani mna kimiminika kidogo bila hewa. Ukilitoboa bomba, limekufa. Na kama kitako ni alumini, ile pesti ya metali ya majimaji usiilete karibu: ina galiamu, inaila alumini ikabaki makapi.

Pesti ya kawaida, kiasi cha punje ya njegere katikati, inatosha. Kaza skrubu kwa kupishana kona, nusu mzunguko kila moja. Kwa mara ya kwanza ifungue tena uone chapa ya pesti, jinsi ilivyotanda: pesti iliyobaki nene mahali pamoja ndiyo inayokuonyesha mwanya. Futa, paka upya, funga.

Halafu nitumie joto la prosesa ikiwa imetulia, na baada ya dakika 15 za kazi nzito. Joto la chumba usisahau kuliandika.

Wako,
Hamadi