Kioo cha Ngazini

Mwandani wangu,

Barua yako niliipata, na ule mstari wa mwisho nimeurudia mara nyingi kuliko mingine yote: "Kwani mmekosa nini hata muuze?" Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta najitetea. Leo nitakueleza tu yalivyokuwa.

Jumba letu tumeliuza. Mkataba umesainiwa na arbuni imepokelewa; kilichobaki ni wanasheria kuhamisha hati, kisha tukabidhi funguo.

Wewe unalikumbuka jumba la utotoni, lenye ukumbi uliorudisha sauti zetu na ngazi iliyotusaliti kila tukinyatia. Mimi miaka hii nimelijua kwa upande wa bili. Paa likivuja mahali pamoja, maji yanasafiri juu ya dari na kudondokea chumba cha tatu, kwa hiyo fundi anaziba pasipo na tundu. Nyaya za ghorofani zilikuwa bado zile za kuvikwa kitambaa. Lakini ulionimaliza ni ukuta wa nyuma. Marehemu baba alipoona lipu ya chokaa inamomonyoka, aliibandua yote akapiga saruji, na majirani wakamsifu kwa kazi safi. Kumbe ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa unapumua: unyevu unaingia na unatoka. Saruji iliufungia maji ndani. Ukiutazama kwa nje unapendeza. Ukichokonoa, matofali yanamung'unyika kama sukari iliyolowa. Siwezi kumlaumu mzee, wakati ule kila mtu alifanya hivyo.

Warithi tuko 4. Wawili wanaishi mbali na wanataka chao, na ni haki yao. Dada hakutaka kuuza, ila hakuwa na fedha za kutununua sisi wengine. Mimi nilikuwa nimechoka. Hayo ndiyo tuliyokosa.

Sasa nikwambie lililonikosesha usingizi. Tuliita wathamini wawili, wakaleta bei zilizopishana kama mbingu na ardhi. Kazi yao ni kulinganisha na nyumba zilizouzwa karibuni, na jumba kama lile halina mwenzake wa kulinganishwa naye. Dalali akacheka. Akaniambia, "Dada, nyumba yako nzuri sana, lakini kinachotafutwa hapa ni kiwanja." Na kweli, ofa kubwa kuliko zote ilitoka kwa kampuni iliyotaka kubomoa kila kitu isipokuwa uso wa mbele, kwa sababu uso ndio uliomo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kisha nyuma yake ipandishe fleti. Jumba letu livaliwe kama barakoa!

Mpwa wangu, yule msomi, akanipa somo. Jambo hili la wenye nacho kuhamia mitaa ya wasio nacho lilipewa jina la Kiingereza, "gentrification", na mwanasosholojia Ruth Glass mwaka 1964, alipoandika juu ya London. Kwa Kiswahili wengine husema mtaa "umepanda hadhi", neno linaloniudhi, maana hadhi tulikuwa nayo. Lakini aliyenigusa zaidi ni mwanajiografia Neil Smith. Mwaka 1979 alieleza kuwa mtaji haurudi mtaani kwa sababu watu wamependa kuta za kale. Unafuata pengo lililopo kati ya kodi inayolipwa sasa na ile ambayo ardhi hiyo ingeweza kuleta ikitumiwa vingine. Nilipoelewa hilo, niliwafikiria ninyi. Mwenye nyumba wenu alipokataa kuurefusha mkataba, alikuwa ameliona pengo hilo kabla yetu. Mkaondoka, wakaondoka na wa nyumba ya pili, na kila aliyeondoka aliacha nyuma yake bei iliyopanda. Bei tuliyopata sisi, sehemu yake imejengwa kwa kuhama kwenu. Nimetafuta namna laini ya kukuandikia hilo, sikuipata.

Usije ukasikia kwamba tuliikataa ile kampuni kwa ajili ya kumbukumbu, ukanisifu. Ofa yao ilitegemea kibali cha ujenzi, na kibali kwenye jengo linalolindwa kinaweza kuchukua miaka. Aliyenunua alitoa pungufu, lakini fedha zake zilikuwa tayari. Ni bahati tu kwamba yeye na mkewe wanataka kuishi humo. Wanavaa viatu vya gharama na wanaliita jumba "mradi", ila mume aliulizia chokaa kabla sijamtajia ukuta. Nikampenda hapo hapo, ghafla kama mjinga.

Walileta mkaguzi. Siku nzima alipita na kipima unyevu na tochi, akitoboatoboa boriti kwa bisibisi kuona kama zimebunguliwa. Ripoti ikaja nene. Paa, nyaya, ukuta, yote nilijua. Ila ukurasa mmoja ulinifanya nicheke peke yangu jikoni: "Dirisha la ngazini, safu ya tatu: kioo kimoja si cha asili." Baada ya miaka yote hii mpira wako umeingia kwenye nyaraka rasmi! Na baba aliapa hakuna atakayetambua.

Mnunuzi hakuomba punguzo kwa hilo. Anataka kukirudisha kioo kama kilivyokuwa, na ametuuliza kilikuwa cha rangi gani. Mimi nakumbuka kijani hafifu. Dada anashikilia zambarau, na tumenuniana siku mbili, kana kwamba hatuna mengine ya kununiana. Fundi vioo akatuambia huenda sote tuko sawa: chuma kilichomo kwenye mchanga hukipa kioo ukijani, zamani mafundi walitia manganizi kuuondoa, na kioo cha namna hiyo kikipigwa na jua miaka mingi hugeuka zambarau polepole. Lakini yeye anatengeneza kioo kimoja, hawezi kutengeneza miaka.

Hatuna picha ya rangi ya dirisha lile. Dada hakuwepo siku ile, na mimi nilikuwa nimekimbilia chini ya ngazi. Wewe ndiye uliyelazimishwa kuokota vipande, kimoja kimoja, mbele ya baba. Niandikie kabla hatujakabidhi funguo: mkononi mwako vilikuwa vya rangi gani?

Ni mimi, jirani yako