Kusukuma siku nako ni kazi

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale uliposema eti siku hizi huishi, unasukuma siku tu, na kwamba mwisho wa yote binadamu ni mnyama, kila mtu anapigania roho yake basi. Hapo kwenye mnyama tuko pamoja. Ila hilo la kila mtu na roho yake nakataa kabisa.

Hebu angalia mwili wenyewe. Mtu akibana pumzi, kabonidioksaidi inajaa kwenye damu mpaka ubongo unamlazimisha avute hewa atake asitake. Ukishtuka je, adrenalini, ile kemikali ya mwili ya kukabili hatari, inamwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, damu inakimbizwa kwenye misuli, tumbo linaacha kwanza mambo ya kusaga chakula, na yote hayo yanatokea hata hujajua umeogopa nini. Yaani we unasema umechoka wakati ndani huko kuna kitu hakijawahi kukata tamaa na wewe hata dakika moja. Halafu mtoto mchanga, ukimgusa kiganja anakukamata kidole. Hajui kitu chochote cha dunia hii, ila kushika mtu anajua. Mi hilo naliona kubwa sana, maana silika yake ya kubaki hai inamtafuta mwenzake tangu siku ya kwanza.

Unawakumbuka wale wachimbaji 33 wa Chile? Agosti 2010, mgodi wa San José ukaporomoka wakabaki chini huko kama mita 700, na siku 17 za mwanzo hakuna aliyejua kama wako hai. Chakula walichokuwa nacho kilikuwa cha siku chache tu, kwa hiyo wakawa wanagawana samaki wa kopo kidogo kidogo, kijiko au viwili, wanakaa mpaka masaa 48 ndo wanaonja tena. Sasa kama kweli kila mtu na roho yake, wenye nguvu si wangelimaliza lile kabati la chakula siku ile ile? Wachache walilivamia mwanzoni kwa njaa, ila halikumalizwa, wakakubaliana kugawana. Wakatolewa wote wazima baada ya siku 69, na kiongozi wa zamu yao, Luis Urzúa, akapanda wa mwisho kabisa. Mtu mwenye njaa na hofu kama yetu sote, akasubiri wenzake 32 watangulie!

Sikwambii ujilazimishe kufurahi, hapana, na wala usione aibu kwamba kwa sasa unachoweza ni kuamka, kula na kulala. Wazee wetu wote huko nyuma waliwahi kupita vipindi vya hivyo, na wasingepita mi na we tusingekuwepo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba unafanya hiyo kazi peke yako, simu hupokei, watu umewakimbia, unasema hutaki kuwa mzigo. Nani kakwambia we ni mzigo?

Jumamosi nakuja kwako. Usipike wala usipange nyumba, tukae tu, ukitaka kuongea tutaongea na usipotaka sawa. Na kabla ya hapo mpigie dada yako, ameniuliza habari zako mpaka nimekosa cha kumjibu.

Wako daima.