Neema, usizifute zile picha

Neema shosti wangu, za masiku? Mimi mzima, kimya changu tutakiongea siku nyingine, maana Rehema kaniambia unataka kufuta picha zote za majengo yenye maumbo ya mimea na viumbe, eti kuna mtu kakwambia zinafanana na michoro ya kompyuta. Nikaona hapana, nakuandikia leo leo.

Huyo mtu kuna kitu kakiona, tusimkatalie. Jengo la mikunjo ukilipiga saa sita mchana, toka mbali, na lenzi pana, kivuli hamna, ukubwa haujulikani, linabaki kama plastiki. Lakini hiyo ni habari ya mwanga na umbali, mada yako haina kosa kabisa!! Ile ya ukuta uliopinda, jua limeingia kwa ubavu, maungio ya vigae yanaonekana, na ule mchirizi wa maji ya mvua chini ya ukingo, Neema ile picha inapumua. Anayechora jengo ili amuuzie mteja hawezi kuweka ule mchirizi, wewe umeukuta pale ukutani.

Halafu zile za Sagrada Família, lile kanisa la msanifu majengo Gaudí kule Barcelona. Nguzo za Gaudí zinagawanyika matawi juu kama miti na matawi yale sio urembo tu, yanapokea uzito wa dari na kuushusha chini, sasa wewe umepiga ukumbi mzima wakati picha yenyewe iko pale nguzo inapoanza kugawanyika, kale kafundo. Kata hapo. Mpiga picha Hélène Binet anavyopiga majengo ya msanifu Zaha Hadid, kwa filamu, mara nyingi anachukua kipande tu, kivuli kinapita kwenye zege basi, hahangaiki kutuonyesha kila kitu. Juma atauliza mlango uko wapi, muache Juma.

Na Karl Blossfeldt je, yule Mjerumani mpiga picha za mimea niliyekuonyesha? Kitabu chake cha 1928, vichipukizi na mashina vimekuzwa, vingine mpaka mara 30, ukiangalia unadhani ni vyuma vya geti. Yeye alitoka kwenye mmea akafika kwenye jengo, wewe unakuja kwa njia ileile toka upande wa pili, sasa unafutaje kitu kama hicho jamani, mi sielewi, yani kwa maneno ya mtu mmoja.

Ila ukirudia, zingine weka mtu apite kwenye fremu, tupate ukubwa. Na saa ya jua la jioni, hiyo unaijua.

Sasa niambie, mafaili ghafi bado unayo au umeshaanza kufuta? Huyo mtu aliziona kwenye simu au zimechapwa? Ya mchirizi alionyeshwa kweli? Na ile ya ngazi iliyozunguka kama konokono imeenda wapi, mbona siioni? Nitumie zote, hata unazozichukia, nichague kumi halafu tubishane.