Wifi, hicho kitabu hakimharibu mtoto

Wifi yangu,

Vois noti yako nimeisikiliza yote, mpaka pale katikati unapomgombeza kijana wa gesi, na nimekuelewa. Unauliza imekuwaje mimi shangazi mtu nimempa binti wa kidato cha tatu ile riwaya ya Rosa Mistika, tena bila kukuuliza wewe mama yake, halafu ukamalizia eti mwenye muda wa kusoma riwaya kazini hana kazi. Hilo la pili naliacha lipite, sisi ni mawifi lazima turushiane vijembe. Hilo la kwanza nakujibu huku hadharani kwa sababu nikikujibu WhatsApp utasoma mstari wa juu tu halafu unitumie kidole gumba.

Ila ili unielewe inabidi nikwambie kwanza nasoma nini siku hizi maana hivi vitabu vimeshikana, na Rosa nitamfikia usiwe na wasiwasi.

Mezani kwangu kuna vitatu na vyote navisoma kwa zamu, najua wewe ni mtu wa kumaliza kimoja ndio ushike kingine, mi siwezi, kuna kitabu cha asubuhi kwenye mwendokasi na kuna cha usiku umeme ukiwepo. Cha asubuhi ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Unaikumbuka ile Oktoba ya 2021 alipopata Nobel ya fasihi, kila mtu kwenye magrupu akawa mtaalamu wa Gurnah, watu wakabishana kama ni Mzanzibari au Mtanzania au Muingereza mpaka wengine wakaleft, na ukiuliza nani kamsoma hata kimoja, kimya. Siwalaumu sana, mzee aliondoka Zanzibar kijana miaka ya 60 na riwaya zake kaandika kwa Kiingereza. Hiki kilitoka 1994 na mwaka huo huo kikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, sisi tumekuja kukipata kwa Kiswahili 2022, miaka 28 baadaye, Ida Hadjivayanis ndio kakitafsiri na Mkuki na Nyota wakakitoa. Na Kiswahili chenyewe kimetulia jamani, husikii kabisa kama unasoma kitu kilichotoka lugha nyingine.

Stori yenyewe ni ya Yusuf, mtoto wa miaka 12, baba yake ana kihoteli mji mdogo kwenye njia ya reli enzi za Wajerumani, na mambo yao hayaendi. Kuna tajiri wa misafara anaitwa Aziz, kijana anamhesabu ni ndugu wa familia maana akija anakaribishwa vizuri na akiondoka anamwachia sarafu mkononi. Siku moja Yusuf anaambiwa jiandae unasafiri na Aziz. Wanapanda treni. Hamna anayemwambia anakwenda kufanya nini wala atarudi lini, mama analia lakini hasemi. Anafika pwani anawekwa dukani kwa Aziz, na huko ndio kijana mwenzake Khalil anamfungua macho, yule sio ndugu yako bwana, baba yako anadaiwa, wewe ndio rehani. Khalil mwenyewe yupo pale kwa deni la baba yake vile vile.

Wifi nilikuwa nimesimama kwenye basi nimening'inia bomba nikapitiliza kituo.

Kilichonichoma mimi ni kwamba Aziz sio mtu mbaya wa kwenye sinema. Mpole, ananukia vizuri, hapandishi sauti. Na hapa ndio namvulia kofia Gurnah kwa sababu sisi tumezoea kuisimulia historia yetu kama vile ilianzia Mjerumani aliposhuka melini, kabla ya hapo ilikuwa amani na halua. Yeye anakupeleka kwenye misafara ya hao babu zetu wenyewe, pembe za ndovu, hongo kwa machifu, wapagazi wanakufa njiani, watoto wamewekwa dhamana, na Mjerumani yupo anakuja polepole kwa nyuma kama mvua unayoiona ng'ambo ya bahari. Hatari lakini. Sisemi kila mahali kimenikolea, ile safari ya bara katikati ya kitabu kuna kurasa zimenichosha, mzigo ufungwe mzigo ufunguliwe, mtu aumwe, chifu adai kodi, nilisinzia. Mpaka walipofika kwa yule chifu Chatu usingizi ukakata.

Halafu kuna hili la shati. Mke wa Aziz, Bi Zulekha, ana alama usoni inayomtesa, akaamini kijana akimgusa na kumuombea dua atapona, basi anaitwa ndani mara leo mara kesho, na mwisho Yusuf anakimbia kutoka mle chumbani shati limechanika mgongoni. Wewe uliyekaa madrasa nikwambie nini hapo, si ushajua tuko wapi? Jina Yusuf, uzuri wa sura, mke wa bwana mkubwa, shati kuchanwa kwa nyuma. Kakichukua kisa chote cha Nabii Yusuf akakipandikiza kwenye duka la pwani ya Afrika Mashariki, ila huyu wetu hakuna ufalme unaomsubiri Misri. Mwisho nakwambia kwa sababu najua utauliza: askari wa Kijerumani wanapita wanakamata watu kuwafanya wapagazi wa vita, Yusuf kajificha kasalimika, na wakishaondoka anatoka mbio kuwafuata. Ndio mwisho huo. Shoga yangu mmoja wa ofisini anasema ni mjinga, katoka utumwa kaenda utumwa. Mimi nasema maisha yake yote alikuwa anabebwa tu, na ile ndio mara ya kwanza miguu inakwenda ilikotaka yenyewe, hata kama ilikotaka ni kubaya. Hatujaelewana mpaka leo na chai tunakunywa meza moja.

Sasa twende Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, na hapa usinigunie maana najua unasema hiyo si tulisoma Form Six. Hatukuisoma wifi. Tuliikariri. Unakumbuka maswali, “Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili nafasi ya mwanamke katika jamii”, na sisi tunashusha tu, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mtu jasiri, mwanamke kama mlezi wa familia, hoja sita mfano sita na hitimisho. Wengine walifaulu kwa nots za kutoa kopi bila kukishika kitabu chenyewe. Yasmin kwetu alikuwa hoja namba tatu.

Nimekirudia sasa hivi na watoto wangu wawili na mwili wangu huu, na ni kitabu kingine kabisa. Yasmin ana miaka 15, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye duka, mzee anayeweza kuwa baba yake, na hakuna mtu katika wale waliopanga anayejiona kafanya ubaya, wote wanaona wamemsitiri. Anaondoka. Ndugu wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, ule upande wa makabwela wa mji wa Zanzibar, hana kitu, chumba ndio hicho hicho, chakula kikiwepo wanakula kisipokuwepo wanacheka. Mimi wifi nampenda Mwajuma kuliko wote mle ndani. Denge, huyo mpenzi wake Yasmin, kasoma Urusi, anapambana na Waingereza kwa siri, Inspekta Wright usiku na mchana anamtafuta, na shuleni tulifundishwa yeye ndio shujaa wa kitabu. Sawa. Ila Denge akianza kuongea siasa unatamani amwache mtu ale kwanza. Na mwenye kulipia mapenzi ya mwanaharakati ni yule anayebaki nje ya gereza anahesabu siku na majirani wanamuangalia. Mtihani haukuwahi kutuuliza kuhusu huyo anayebaki nje.

(Ile filamu ya Amil Shivji ya 2021 kama hujaiona tafuta, Zanzibar imepigwa picha mpaka unasikia joto. Lakini sinema inakwisha mapema, kwenye kitabu unakaa na watu mpaka unawazoea tabia.)

Cha tatu ni cha kunilaza, Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, kimetoka 1960 baada ya kushinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau. Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum wanachunguza mauaji kwa kupiga soga na watu. Hamna bastola wala kukimbizana, ni udaku tupu wenye akili, ungekipenda wewe kuliko mimi.

Haya. Rosa.

Umesema ni kitabu kichafu na kwamba uliwahi kusikia kilipigwa marufuku. Ni kweli kilipigwa marufuku mashuleni, mwandishi wake Euphrase Kezilahabi alikitoa 1971 akiwa bado kijana na watu wakashtuka, mimba zipo, kutoa mimba kupo, wakubwa wenye vyeo wanaotembea na mabinti wapo. Na baadaye hao hao waliokikataza wakakirudisha kikafundishwa. Ila naomba uniambie kitu kimoja, umekisoma? Kwa sababu mimi niliyekisoma naona uchafu wa kitabu kile hauanzii kwa mvulana, unaanzia sebuleni kwa baba. Zakaria, mzee wa Namagondo kule Ukerewe, mlevi, binti yake mkubwa ni Rosa. Mapema tu kwenye kitabu anagundua binti kaandikiwa barua na mvulana. Barua tu. Anampiga kipigo ambacho nimekisoma huku nimeshika shavu. Na kuanzia hapo Rosa anawaogopa wanaume kama ugonjwa, hajui kuongea nao, hajui kukataa, hajui kuchagua, kazi yake ni kukimbia, mpaka anapofika mahali baba hayupo wa kumuona, na hapo kamba inakatika yote kwa mpigo. Mama yake Regina ni mwema lakini wema wake ni wa kunyamaza.

Sasa wewe umenitumia vois noti unasema ukimkuta binti na meseji ya mvulana utaivunja ile simu vipande. Ndio maana nikampa.

Na sio kwamba namtetea Kezilahabi kwa kila kitu. Kuna mahali namuona mwanaume anayeandika msichana akiwa kasimama mbali, Rosa anatoka kuogopa kila mwanaume mpaka kutojali yeyote kwa haraka sana, nikasema hapa bwana mkubwa ungetuuliza. Na mzigo wa adhabu alivyomtwisha yule binti umenikera, mwisho wake ni mzito na nilimwambia mwanao kabla hajaanza, nikamwambia kuna mambo humu yataumiza na ukifika huko unipigie, saa yoyote. Juzi kapiga. Hakuuliza chochote kuhusu mapenzi wifi. Aliuliza kwa nini mama yake Rosa hakusema kitu siku ile ya barua. Nikamjibu nilivyoweza, lakini nadhani lile swali lina mwenyewe na sio mimi.

Unajua zamani haya mazungumzo yalikuwa na watu wake, shangazi au somo, binti anakalishwa anaambiwa dunia ilivyo, na mama mzazi anajifanya hajui. Sasa hivi somo ni TikTok. Mimi nikiwa Dar na yeye yuko bwenini nitamkalisha saa ngapi? Kitabu kinakaa naye kwa niaba yangu. Na nikivitazama hivi vyote nilivyokutajia, Yusuf analipa deni la baba, Yasmin analipa heshima ya ukoo, Rosa analipa hasira na pombe za Zakaria, watoto wanalipa tu, wakubwa wanasaini. Sikuvichagua kwa mpango huo, nilivinunua pale mtaa wa Samora kwa kuangalia bei, ila ndivyo vilivyoangukiana.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, akirudi likizo usimnyang'anye. Mwache amalize, halafu chukua wewe, ni kitabu chembamba, ukikosa muda soma wakati unasubiri maharage yaive. Tukikutana huko nyumbani tutabishana, na ukiniambia Zakaria alikuwa sahihi kupiga nitakusikiliza ila jiandae. Ukiona aibu kuongea naye uso kwa uso niiteni mimi nikae katikati, nitakuja na Peponi nikuachie, na ule wasiwasi wako wa “lugha ngumu” uuache, sio ngumu, ni nzuri tu.

Na mwambie kaka yangu arudishe ile riwaya yangu ya Kuli, najua ni yeye anayo, nilimuona nayo wakati wa Idi akijifanya anaangalia jalada. Nataka huyo huyo binti akimaliza Rosa aisome. Hiyo haina cha kukutisha, ni makuli wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa 1948, watu wanadai mshahara basi. Ingawa mtoto wa bweni akishajua jinsi ya kupanga mgomo, na chakula chenyewe cha shule yao kama anavyokisimulia, sijui ni nani atakayekutumia vois noti safari hiyo.

Wifi yako.