Hati ya vipimo itangulie kalibu

Ndugu Mhariri,

Kila kukicha tunasikia wafanyabiashara wakilalamika kwamba viwanda walivyovipa kazi ya kuwatengenezea bidhaa kwa mkataba vimewaangusha: mzigo umechelewa, mifuniko haifungi, rangi si ile waliyokubaliana. Viwanda vya hovyo vipo, hatukatai. Lakini sisi tunaosimamia uzalishaji tunajua kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo huanzia mezani kwa mwenye bidhaa mwenyewe, siku anapotuma picha mbili na sampuli moja, kisha akaulizia bei.

Kiwanda kilichopewa picha hukadiria. Usipotaja unene wa plastiki, kitachukua ule unaokula malighafi kidogo. Usipotaja daraja la plastiki, kitatumia iliyopo stoo. Ndiyo maana bei za viwanda viwili hupishana sana na mwenye bidhaa akakimbilia ya chini, bila kujua kwamba kila kiwanda kimepigia hesabu kitu tofauti.

Dawa yake ni hati ya vipimo, iliyokamilika kabla ya kuomba bei. Iwe na mchoro wenye vipimo vyote kwa milimita, jina kamili la malighafi na daraja lake, namba ya rangi, orodha ya kila kipuri hadi skrubu na gundi, namna ya kufungasha, na jinsi kila kipimo kitakavyohakikiwa. Kila kipimo kionyeshe kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa kiasi gani. Hapa wengi hukosea kwa kudai usahihi wa milimita 0.05 kila mahali, wakati usahihi huo unahitajika pale tu vipande viwili vinapokutana. Kwingineko unalipia kitu ambacho mteja hatakiona wala kukihisi.

Chukua mfuniko wa kopo wenye kipenyo cha milimita 80. Plastiki ikipoa husinyaa, na kila aina husinyaa kwa kiasi chake: ABS kwa takriban asilimia 0.4 hadi 0.7, polipropilini kwa takriban asilimia 1 hadi 2.5. Kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki ya moto hufinyangwa, ikichongwa kwa ajili ya ABS inayosinyaa asilimia 0.5, halafu mwenye bidhaa akahamia polipropilini inayosinyaa asilimia 1.5 ili kubana gharama, mfuniko utatoka mdogo kwa takriban milimita 0.8. Hautafunga. Fundi wa kalibu hawezi kulimaliza hilo kwa kupiga msasa, maana chuma kinachounda upande wa ndani wa mfuniko kinahitaji kuongezwa, na chuma ni rahisi kukipunguza na ni taabu kukiongeza. Mafundi wazuri hulijua hilo. Kwenye sehemu zinazobana huachia chuma cha ziada, hupiga sampuli za kwanza, hupima, kisha hupunguza kidogo kidogo. Kwa hiyo ratiba isiyo na nafasi ya angalau mizunguko miwili ya sampuli si ratiba ya kuaminika.

Sampuli ikikubalika, pande zote mbili zitie sahihi kwenye vipande vitatu: kimoja kibaki kiwandani, kimoja kwa mwenye bidhaa, kimoja kwa mkaguzi. Kisha vitengenezwe vipande vichache, tuseme 100, kwa mashine, malighafi na wafanyakazi walewale watakaofanya kazi yenyewe. Sampuli iliyotengenezwa na fundi mkuu peke yake haikuonyeshi mashine itakavyotoa kazi usiku wa manane.

Hesabu ya wingi nayo huachwa nyuma. Bidhaa inayopita hatua tano, kila hatua ikiharibu asilimia 2 tu, hubaki na takriban asilimia 90 ya ulichoanza nacho. Ukitaka vipande 10,000 vizuri, anza na vipuri vya kutosha vipande zaidi ya 11,060. Tukirudi kwenye mashine, kalibu yenye matundu mawili, yaani inayotoa vipande viwili kwa mpigo, kila mpigo ukichukua sekunde 40, hutoa vipande 180 kwa saa. Toa asilimia 10 kwa kusimama na kasoro, vinabaki 162, na vipande 10,000 vitachukua takriban saa 62 za mashine. Kiwanda kikiahidi mzigo huo kwa siku mbili kwa mashine moja, uliza kitaupataje. Na tarehe ya kuanza kazi huamuliwa na kipuri kinachochelewa kuliko vyote. Kama kipuri kimoja cha umeme kinachukua wiki 14 kufika, hata plastiki ikiwa tayari kesho haisaidii.

Kuhusu ukaguzi, "tutaangalia chache" si kipimo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2859-1 kina majedwali yake: kwa shehena ya vipande 1,000, ngazi ya kawaida ya ukaguzi, huchukuliwa vipande 80. Kwa kikomo cha kasoro kinachokubalika (AQL) cha asilimia 2.5, kasoro zikiwa tano au pungufu shehena inapokelewa, zikiwa sita inakataliwa. Kasoro inayoweza kumdhuru mtumiaji haipewi nafasi hata moja. Vipande hivyo avichague mkaguzi mwenyewe, kutoka makasha ya juu, ya kati na ya chini kabisa. Asikubali yale aliyopangiwa mlangoni.

Mkataba nao useme kalibu ni ya nani, na jina la mwenye kalibu lichongwe kwenye chuma chenyewe. Bila hivyo, siku mkikosana utaanza upya na kulipia kalibu nyingine. Useme pia kwamba kiwanda hakitabadilisha malighafi, msambazaji wala njia ya kutengeneza bila idhini ya maandishi. Mabadiliko ya kimyakimya ndiyo yanayoharibu mzigo wa tatu baada ya miwili ya kwanza kuwa safi: msambazaji wa gundi amebadilishwa, na hakuna aliyeijaribu gundi mpya kwenye joto.

Malipo yafuate kazi. Mpango wa asilimia 30 kwanza na 70 mwishoni umezoeleka, ila hiyo 70 ifungwe kwenye ripoti ya ukaguzi iliyokubaliwa, mzigo ukiwa bado haujaondoka kiwandani. Anayeimalizia baada ya kuona picha ya makasha yaliyofungwa hana tena cha kukifanya kiwanda kimrekebishie mzigo.

Wasomaji wako,
Wasimamizi wa uzalishaji