Ndugu yangu kasema hewani hana mtu

Shangazi shikamoo, samahani nakuandikia saa hizi, adhana ya alfajiri imenikuta na simu mkononi sijafumba jicho.

Ndugu yangu mwimbaji unamjua, huwezi kupanda tuktuk Malindi au kwenda harusi hapa Lamu usisikie sauti yake. Habari zake zote nashughulika nazo mimi, watangazaji wa Mombasa wananipigia mimi, zile posti za kuwashukuru mashabiki naandika mimi. Juzi akaulizwa redioni nani yuko nyuma yako, akasema hakuna, nimejishika mkono mwenyewe. Mwenyewe! Na hiyo intavyuu nimeitafuta mimi, maswali nililetewa mimi.

Si sifa nataka Shangazi. Lakini nani alomkatalia promota ile shoo ya wiki ya Maulidi? Apande jukwaani Mfungo Sita, watu wamekuja msikiti wa Riyadha kutoka mwambao mzima, nani hapa Langoni angemsikiliza tena? Na pesa simdai, hunitumia kwa Mpesa akikumbuka, asipokumbuka mama husema ni nduguyo, msitiri. Namsitiri, halafu yeye aseme hakuna.

Sasa anataka nitoe taarifa kwamba yule mtoto si wake. Mamake mtoto nimesoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo, mtoto mwenyewe nishampakata, ni marehemu babangu mtupu. Nikamwambia hii siwezi, akanijibu andika tu, wewe ndo fundi wa maneno. Yaani hapo ndo nipo, redioni sikuwepo.

Nikamwambia basi tafuta mtu mwingine, nimechoka, na nilimaanisha. Kumbe kuna kijana wa Nairobi keshapewa namba za watangazaji wangu na roho imeniuma vibaya sana, huyo anajua nini kuhusu ndugu yangu, atamharibia jina tulilolihangaikia miaka yote. Sitaki mtu aguse kazi yake.

Mama anasema nikikataa nimemuaibisha mwanawe. Na mimi je, si mwanawe? Nikiandika, yule dada tukikutana kichochoroni, na unavijua vichochoro vyetu, nitamtazama vipi? Taarifa anaitaka kabla ya Ijumaa. Niandike Shangazi ama nimwachie huyo kijana aandike? Na lile neno la redioni nimwambie limeniuma au ninyamaze, maana mpaka leo anadhani sina neno naye.

Mimi dadake, Lamu